Kikapu cha penseli: familia moja ilivyoanza kutengenezea wasanii vifaa, na somo lake kwa biashara ya nyumbani Hola

Nyuma ya kila mkeka mzuri unaouzwa Hola kuna kazi ya watu wawili. Wa kwanza unamjua, ni msukaji. Wa pili watu humsahau. Ndiye aliyekwenda kutafuta ukindu kandokando ya Mto Tana, akauanika juani mpaka ukawa mweupe, akauchana chane nyembamba zinazolingana, akachemsha rangi sufuriani, akafunga vifungu tayari kwa kusukwa. Bila yeye, msukaji angekaa mikono mitupu.

Huyo wa pili ni mtengenezaji wa vifaa vya wasanii. Huenda hajawahi kujiita hivyo. Akiulizwa anafanya kazi gani, atasema, "Niko tu nyumbani, nauza ukindu kidogo." Lakini pesa inaingia kwenye simu yake, watoto wanamsaidia wakitoka shule, na dada yake aliyeolewa Garsen anamtafutia wateja. Hiyo tayari ni biashara ya familia. Imekosa tu kuitwa biashara.

Wateja wetu wengi wako hapo, kwa hivyo leo tumewaletea historia ya familia moja iliyoanza vivyo hivyo, nyumbani, na bidhaa ya wiki nzima ikiingia kwenye kikapu kimoja. Bidhaa yao unaijua, ni penseli. Tutaangalia walivyoanza, palipowapa shida, na jinsi simu yako inavyoweza kukusaidia kupita hapo hapo bila kuumia.

Fundi wa mbao wa kijiji cha Stein

Mwaka 1761, katika kijiji cha Stein karibu na mji wa Nuremberg, Ujerumani, fundi wa mbao aitwaye Kaspar Faber alianza kujitengenezea penseli. Alikuwa na ujuzi wa mbao, na penseli ni mbao mbili nyembamba zilizobandikwa, katikati zikashika wino mkavu wa madini yanayoitwa grafiti. Hakuwa na kiwanda. Alichokuwa nacho ni meza ya kazi na vyombo vyake vya useremala.

Wanaosimulia historia ya penseli wanasema kazi ya wiki nzima ya familia hiyo ilikuwa ikiingia kwenye kikapu cha mkononi, kikapelekwa sokoni Nuremberg na mji wa jirani wa Fürth. Hebu fikiria kidogo. Kampuni ambayo leo inatengeneza zaidi ya penseli bilioni 2 kwa mwaka ilianza na mzigo ambao mama yeyote wa Hola angeubeba kichwani asubuhi akaenda nao sokoni bila kuita boda boda.

Kaspar alifariki mwaka 1784. Mwanawe, Anton Wilhelm, akaichukua kazi, na herufi za majina yake ndizo zilizobaki: A.W. Faber. Baada yake, mwaka 1810, akaja mjukuu, Georg Leonhard. Hapo mambo yakawa magumu. Ulaya ilikuwa imetoka vitani na inaingia vitani tena, na penseli za Ujerumani zilikuwa zimeachwa nyuma. Uingereza ilikuwa na grafiti safi kutoka machimbo ya Borrowdale. Ufaransa nayo, mwaka 1795, Nicolas-Jacques Conté alipata hati ya uvumbuzi wa kuchanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi kisha kuuchoma. Kwa njia hiyo mtu angeweza kutengeneza penseli ngumu au laini apendavyo. Penseli ya Stein ilikuwa bei rahisi, lakini mchoraji makini hakuitaka.

Georg Leonhard alipofariki mwaka 1839, biashara ilikuwa na wafanyakazi wapatao 20 tu. Vizazi vitatu na karibu miaka 80 ya kazi, na bado ilikuwa biashara ndogo ya kijijini. Tunalisema hili kwa sababu wengi wetu tukifanya biashara miaka miwili bila kutajirika tunafunga.

Kijana aliyerudi nyumbani na wazo moja

Aliyebadilisha mambo ni kitukuu wa Kaspar, Lothar Faber. Alizaliwa 1817, akapelekwa Paris kujifunza biashara, na baba yake alipofariki akarudi nyumbani akiwa na umri wa miaka 22. Kule Paris aliona kitu kimoja: mteja hulipa zaidi akijua anachonunua kitakuwa kile kile kila mara.

Zamani penseli iliuzwa bila jina. Mfanyabiashara wa mjini aliinunua kwa jumla, akaiuza kama yake. Aliyeitengeneza hakujulikana, na akikosea au akipatia hakuna aliyemkumbuka. Lothar akaanza kugonga jina A.W. Faber kwenye kila penseli. Akaweka vipimo: urefu huu, unene huu, ugumu wa daraja hili. Kisha akafunga mzigo wa sampuli, akazunguka miji ya Ulaya mwenyewe akitafuta maduka. Mwaka 1849 familia ikafungua tawi New York, likasimamiwa na mdogo wake, Eberhard. Mwaka 1856 Lothar akapata mkataba wa kununua grafiti bora iliyogunduliwa Siberia na Mfaransa Jean-Pierre Alibert, na sasa penseli ya Stein ikawa inashindana na ya mtu yeyote.

Wasanii wakaja wenyewe. Mchoraji Vincent van Gogh, katika barua aliyomwandikia rafiki yake mwaka 1883, alizisifia penseli za Faber kwa ulaini wake na weusi wake. Mwaka 1908 kampuni ikatoa penseli za rangi za wachoraji ziitwazo Polychromos, zikiwa rangi 60. Zinauzwa mpaka leo.

Sasa rudi kwenye kifungu chako cha ukindu. Msukaji anataka nini kwako? Anataka chane zenye upana mmoja, ili ukili usipinde. Anataka wekundu wa leo ufanane na wekundu wa mwezi ujao, kwa sababu mkeka hauishi siku moja, na rangi ikiisha katikati atarudi kwako kutafuta ile ile. Anataka kifungu kiwe na idadi anayoijua. Haya yote hayahitaji mtaji. Kinachotakiwa ni kijiti cha kupimia, kijiko kimoja kisichobadilika cha kupimia rangi, na kipande cha karatasi kilichoandikwa jina la nyumba yenu. Kifungu kikifika Malindi au Garissa kikiwa na jina na nambari ya kulipia, mteja wa kule anajua ampigie nani akikipenda.

Mti ukiisha, na kazi imeisha

Kuna sehemu ya hadithi ya penseli inayotugusa sisi huku moja kwa moja. Penseli nzuri ilihitaji mbao laini isiyopasuka ikichongwa, na iliyopendwa zaidi ilikuwa ya mwerezi. Mierezi ya Marekani ilipoanza kuadimika, macho yakageukia Afrika Mashariki. Mti ambao Wakenya wengi huuita mtarakwa bado unaitwa na wafanyabiashara wa mbao duniani "mwerezi wa penseli wa Afrika". Wakati wa ukoloni wa Wajerumani ulikatwa kwenye misitu ya Shume, milima ya Usambara, na baadaye ukakatwa kwenye nyanda za juu za Kenya. Mti wa mtarakwa hukua polepole. Aliyekata alimaliza siku moja kilichochukua miaka mingi sana.

Kampuni ya Faber-Castell ilikuja kulijua hilo. Katika miaka ya 1980 ilianza kupanda msitu wake wenyewe wa misonobari huko Prata, Brazili, ili mbao za penseli zitoke shambani.

Kwetu Tana mti wenyewe ni mkindu, na mkoma pia kwa wanaotumia miyaa. Mkindu unaota kwenye misitu ya kando ya mto, ile ile ambayo kati ya Hola na Garsen ilitengwa mwaka 1976 kuwa hifadhi kwa ajili ya tumbili wasiopatikana kwingine duniani, na matunda ya mkindu ni chakula chao kikubwa. Kinachotakiwa na msukaji ni kuti changa la katikati ambalo halijafunguka. Huo ndio moyo wa mti. Ukikata moja ukaacha mti upumue, utarudi tena. Ukikata kila linalochomoza, mti unadhoofika na mwisho unakufa, na hapo mwanao atarithi sufuria ya rangi bila kitu cha kuchovya. Ndiyo maana kwenye hesabu ya biashara yako gharama ya ukindu haiwezi kuwa sifuri, hata kama hukuununua. Weka kitu kidogo cha kupanda na kutunza miche.

Hesabu ya kifungu

Hapa ndipo wengi wetu tunapotelea. Tuchukue mfano, na wewe ubadilishe tarakimu ziwe zako.

Tuseme umeandaa vifungu 20. Umemlipa mkataji shilingi 500, rangi imekula 250, kuni 150, nauli ya kupeleka mzigo 250. Jumla ni 1,150. Umeuza kila kifungu 80, ukapata 1,600 kwenye simu. Ujumbe unapoingia, jicho linaona 1,600. Mtoto anadai pesa ya mtihani, unga umeisha, jirani ana matanga. Kufikia Ijumaa salio ni 200. Jumatatu mkataji anakuja, huna cha kumpa. Unakopa.

Ukweli ni kwamba katika zile 1,600 zako zilikuwa 450 peke yake, tena hatujahesabu jasho la mikono yenu wala ada ya kutoa pesa kwa wakala. Zile 1,150 zilikuwa za mzunguko ujao. Hukuiba, maana hela ni yako. Lakini umekula mbegu.

Dawa yake si kuwa na moyo wa jiwe. Dawa ni kutenganisha pesa zikiingia tu, kabla mtu yeyote hajaomba:

1. Pokea malipo ya ukindu kwenye nambari ya biashara, na matumizi ya nyumbani yabaki kwenye laini yako ya kawaida. Mfuko wa kuuzia na mfuko wa kulia visikutane.

2. Jioni ya siku ya mauzo, toa gharama za mzunguko ujao uziweke kando kwenye akaunti ya akiba ya simu. Kilichobaki ndicho unachoweza kuhamishia nyumbani.

3. Jilipe. Chagua kiasi na siku. Mama akijilipa shilingi 100 kila Jumamosi, familia inajua pesa ya mama ni ipi na ya kazi ni ipi.

4. Mwisho wa mwezi omba taarifa ya miamala, mkae nayo nyumbani dakika 10. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuisoma kwa sauti. Mtaona wenyewe mwezi upi ulikuwa wa mauzo, mteja yupi hulipa kwa wakati, na mwezi upi mto ulipojaa hamkuuza kitu.

Taarifa hiyo ina faida nyingine. Siku ukitaka mkopo, rekodi ya miezi sita inasema zaidi ya maneno matamu. Na mafuriko ya Tana tunayajua. Mzigo wa nyumbani unaweza kulowa wote kwa usiku mmoja, lakini rekodi na akiba iliyo kwenye simu hazilowi.

Anayekuonyesha ujumbe hajakulipa

Kabla hatujaendelea, neno moja kwa wanaotuma mizigo kwa basi au matatu. Mteja akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake, au akikutumia picha ya ujumbe, hayo si malipo. Malipo ni pesa iliyoingia kwako. Angalia salio la nambari yako ya biashara kwanza, ndipo umkabidhi makanga mzigo. Na mtu akikupigia akisema ametuma kwa makosa, umrudishie haraka haraka, usirudishe kwa kukimbizwa. Kagua salio, kisha piga nambari rasmi ya huduma kwa wateja wewe mwenyewe. Mwenye haki hatakasirika ukimwambia asubiri dakika 5.

Ndugu wakigombana, jina huenda kwa nani?

Turudi Stein. Lothar alipoanza kugonga jina kwenye penseli, waigaji nao wakaanza kuligonga. Katika miaka ya 1870 alipeleka ombi kwa bunge la Ujerumani kutaka alama za biashara zilindwe kisheria, na sheria ya kulinda alama hizo ikaanza kutumika mwaka 1875.

Lakini pigo gumu zaidi lilitoka ndani ya nyumba. Ndugu yake, Johann, waliyekuwa wakifanya kazi pamoja, alijitenga katika miaka hiyo hiyo ya 1870 akafungua kiwanda chake cha penseli Nuremberg. Kule Marekani nako, biashara iliyoanzishwa na Eberhard ikaja kuwa kampuni yake yenyewe. Matokeo yake mteja dukani aliweza kukuta penseli za Faber za nyumba tatu tofauti, zote za watoto wa baba mmoja, zikishindania mfuko mmoja. Ya Johann ilikuja kumezwa na Faber-Castell katika karne ya 20, miongo mingi baadaye.

Lothar alikuwa amejifunza. Familia ikaweka sharti kwamba jina Faber lisipotee. Mwaka 1898 mjukuu wake, Ottilie, alipoolewa na Alexander wa ukoo wa Castell-Rüdenhausen, wanandoa hao wakaunganisha majina, na ndipo tukapata Faber-Castell. Mpaka leo ni mali ya familia hiyo.

Huku kwetu wala hatuhitaji kiwanda ili tugombane. Inatosha mama afariki, kifo hakipigi hodi, na laini ya biashara iko kwa jina lake peke yake. Wateja wanaendelea kutuma. Watoto wanajua kuna pesa, na mmoja anajua nambari ya siri. Akitoa ya mazishi, wengine watauliza ilikuwa ngapi. Asipotoa, watauliza anaificha kwa nini. Familia iliyokuwa ikichemsha rangi kwenye sufuria moja haisalimiani tena, na wasukaji wanatafuta muuzaji mwingine.

Yanayoweza kuzuia hilo ni madogo, na yanafanyika mkiwa bado mnacheka pamoja:

Kwanza, sajilini jina la biashara. Nchini Kenya kazi hiyo hufanyika kupitia eCitizen, na wanafamilia zaidi ya mmoja wanaweza kuandikishwa kuwa wenye biashara. Jina likishika na mkataka kulinda nembo yenu, ofisi ya serikali ya KIPI husajili alama za biashara kwa miaka 10, na mnaweza kuihuisha.

Pili, andikeni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida: nani anakata, nani anachovya, nani anauza, kila mmoja anapata nini, na mmoja akitaka kutoka, au akifariki, itakuwaje. Kila mtu atie sahihi mbele ya shahidi mnayemwamini.

Tatu, nambari ya siri si urithi. Usimpe mtu yeyote, hata mwanao kipenzi. Kama unataka msaidizi aweze kuona malipo yakiingia, uliza kwa wakala au huduma kwa wateja jinsi ya kumwongeza kwenye nambari ya biashara kwa jina lake. Mwenye laini akifariki, pesa yake haipotei. Hufuata utaratibu wa mirathi, na familia itatakiwa kuleta cheti cha kifo na nyaraka za kuonyesha nani ana haki ya kupokea. Wanaojua mapema iko wapi na ni ngapi hupata nafuu kubwa.

Pa kuanzia wiki hii

Ukiiangalia tena historia ya Kaspar Faber, hakuna siku moja ambayo unaweza kusema hapa ndipo walipofanikiwa. Kuna kikapu, kuna kizazi cha kwanza, cha pili, cha tatu kilichokaribia kushindwa, halafu kijana aliyekubali kuweka jina na kipimo kwenye kazi ya babu zake. Biashara ya familia huzaliwa siku ile kazi inapopata jina lake, kipimo chake na mfuko wake, vikiwa mbali na jina la mtu na mfuko wa mtu.

Wewe unayechovya ukindu Hola, unayechana miyaa Garsen, au unayechanganya hina na piko za maharusi, una kikapu tayari. Kesho ukipita kwa wakala, uliza kuhusu nambari ya malipo ya biashara na beba kitambulisho chako. Jioni, kaeni chini na walio nyumbani, mchague jina. Mkibishana kidogo kuhusu jina, vizuri. Bishaneni sasa.